Alikwenda Burma, Hakurudi: Namna ya Kutafuta Kaburi na Habari za Askari wa Keya

Koo nyingi za Afrika Mashariki zina mtu wao ambaye habari zake ni maneno matatu tu: alikwenda vitani, hakurudi. Hana kaburi kijijini, hana picha, na watoto waliopewa jina lake hawajui wamerithi jina la nani. Kwetu alikuwa kaka yake babu. Nilimtafuta kwa karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa sababu moja: nilianza na intaneti badala ya kuanza na bibi.

Mwongozo huu ni wa wanaomtafuta ndugu aliyekuwa King's African Rifles, yaani KAR, ambayo wazee wetu waliitamka "Keya", au vikosi vingine vya Waingereza vya Afrika Mashariki. Zaidi nitazungumzia vita vya 1939 hadi 1945, maana huko ndiko kuna matumaini makubwa ya kumpata mtu kwa jina. Vita vya Mjerumani, vile vya 1914 hadi 1918, nitavifikia baadaye.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee, halafu omba kuona masanduku yao

Usimuulize mzee mwaka. Mimi nilimuuliza bibi, "Bibi, kaka yake babu aliondoka mwaka gani?" Akanijibu, "Mwaka? Mwaka nitaujulia wapi mimi?" Mazungumzo yakafa hapo. Siku nyingine nikaja na swali jingine: alipoondoka, wewe ulikuwa umeshaolewa? Bibi akacheka. "Nilikuwa sijaolewa, ila ng'ombe mmoja wa mahari alikuwa ameshaletwa." Kutoka hapo tukahesabu: mtoto wake wa kwanza alibatizwa lini, mwaka wa njaa ulikuwa kabla au baada, chifu alikuwa nani. Tukafika kwenye 1942 au 1943 bila bibi kutaja tarakimu hata moja. Kwa wenzetu wenye marika ya jando, jina la rika ni kalenda tosha.

Andika kila jina alilowahi kuitwa: la kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, la baba yake na la babu yake. Uliza pia jina la chifu au jumbe wao wa wakati huo, maana makarani wa jeshi waliandika kijiji, chifu na wilaya. Na uliza kama aliondoka na mwenzake. Vijana wengi waliandikishwa wawili wawili au watatu watatu, na mara nyingi yule aliyerudi ndiye aliyeleta habari kwamba mwenzake alifia wapi. Watoto wa huyo aliyerudi wanaweza kuwa na nusu ya hadithi yenu.

Kisha omba kuona vitu. Bibi alikuwa na mkebe wa biskuti, ndani yake vifungo, risiti za kodi na karatasi moja ya kijivu iliyopigwa taipu, imekunjwa mara nne hadi ikachanika kwenye mikunjo. Ilikuwa na jina lililokosewa herufi, namba ndefu, na pembeni "36". Ukoo mzima, kwa zaidi ya miaka sitini, uliamini kwamba 36 ni umri wake alipofariki. Ilikuwa namba ya batalioni. Karatasi iliyotupasa kuanza nayo ilikuwa kwenye mkebe muda wote, na mimi nilikuwa usiku kucha kwenye simu naandika jina lake kwa tahajia kumi na mbili.

Kwa hiyo tafuta namba ya jeshi na kikosi kabla ya kitu kingine chochote. Majina yanafanana na yanakosewa. Namba ni ya mtu mmoja. Inaweza kuwa kwenye barua ya tanzia, karatasi ya fedha alizokuwa akituma nyumbani kila mwezi kupitia bomani, au kitabu cha malipo cha askari. Medali nazo zina habari. Za vita vya kwanza kwa kawaida zilichongwa namba, jina na kikosi ukingoni, kwa hiyo zungusha ukingo polepole kwenye mwanga. Nyota za vita vya pili walizopewa askari wetu hazina jina, lakini zinataja uwanja wa vita: iliyoandikwa "The Burma Star" inakuambia alikuwa uwanja wa vita wa Burma, na "The Africa Star" inaweza kukuelekeza Uhabeshi na Somalia. Usiisugue medali kwa majivu ili ing'ae. Najua mkono unawasha, lakini maandishi huondoka.

Hatua ya pili: jua alikuwa vita gani na kundi gani

Wazee wakisema "Vita vya Mjerumani" kwa kawaida wanamaanisha 1914 hadi 1918, vile vilivyopiganwa kwenye ardhi yetu hii. "Vita vya Hitla" ni vya pili. Ukiona "Bama", ni Burma, Myanmar ya leo.

Katika vita vya pili, vikosi vya Afrika Mashariki vilipita sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni Somalia na Uhabeshi dhidi ya Waitaliano: Mogadishu ilichukuliwa Februari 1941, Addis Ababa Aprili mwaka huohuo, na mapigano ya Gondar yakaisha Novemba. Ya pili ni Madagaska, 1942. Ya tatu ni Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, baada ya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo), iliteremka Bonde la Kabaw katika masika ya huko ya 1944 hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Ukipata mwaka wa kufariki tu, tayari umeshajua pa kutazama kwenye ramani.

Batalioni nazo zilikuwa na asili. Kabla ya vita, ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ya 3 na ya 5 za Kenya, ya 4 ya Uganda na ya 6 ya Tanganyika. Vita vilipopanuka zikaongezwa: ya 26, 36 na 46 za Tanganyika, ya 34 na 44 za Uganda, ya 22 ya Nyasaland, ya 11 ya Kenya. Lakini usishangae Mtanganyika kukutwa kwenye kikosi cha Kenya. Watu walivuka mipaka kutafuta kazi na wakaandikishwa hukohuko.

Jambo jingine linalopoteza wengi: kwa wazee, kila aliyevaa kaki alikuwa Keya. Huenda wenu hakuwa KAR kabisa. Madereva walikuwa East African Army Service Corps, wauguzi East African Army Medical Corps, wapiga mizinga East African Artillery, na maelfu waliochimba barabara na kujenga madaraja walikuwa kwenye vikosi vya kazi. Ukishindwa kumpata KAR, jaribu huko kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya tatu: ingia kwenye orodha ya makaburi ya vita

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina kanzidata ya bure kwenye tovuti yake yenye majina yapatayo milioni 1.7 ya waliokufa katika vita vyote viwili. Hutakiwi kulipa, na ukiona tovuti inayodai malipo ili ikupe habari hizo hizo, achana nayo.

Kama una namba ya jeshi, anza nayo. Ijaribu pamoja na herufi zake za mbele, kisha bila herufi, kisha na nafasi katikati. Kama huna namba, usiandike jina. Najua inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyonifaa: acha sehemu ya jina wazi, chagua kikosi, weka mipaka ya tarehe, halafu pakua orodha yote na uipitie kwa macho kwenye jedwali. Kalamu ya karani wa Kiingereza aliyesikia jina la Kinyakyusa au la Kikamba kwa mara ya kwanza maishani haikuwa na huruma. Kwa mfano, Mwakalinga anaweza kuwa Mwakaringa, Makalinga, Mwakelinga, au akakatwa katikati akawa Mwaka Linga. L na R hubadilishana, H ya mwanzo huanguka, Ng' huwa N au G. Kompyuta haiwezi kubahatisha hayo yote, ila jicho la mtu wa kabila hilo hulitambua jina mara moja hata likiwa limevunjwavunjwa. Mpe shangazi orodha aisome kwa sauti; sikio nalo hukamata.

Kumbuka pia kwamba wengi waliandikwa jina moja tu, au jina lao likifuatiwa na la baba, kwa hiyo jina la baba linaweza kuwa ndilo lililowekwa mahali pa ukoo. Na wapo waliodanganya makusudi. Waingereza walikuwa na makabila waliyoyaona ni ya kivita, na kijana aliyetaka mshahara alijitaja kuwa wa kabila lililokuwa likitakiwa siku hiyo, wakati mwingine kwa jina jipya kabisa.

Majina ya mahali pia yamebadilika. Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Nyasaland ni Malawi. Kwenye karatasi za Kijerumani, Lushoto ni Wilhelmstal na Tukuyu ni Neu Langenburg. Ukiona "Kavirondo", fikiria pande za Ziwa Viktoria upande wa Kenya.

Hatua ya nne: soma matokeo kwa utulivu

Ukimpata, rekodi itakuonyesha cheo, namba, kikosi, tarehe ya kufariki na mahali anapokumbukwa. Wakati mwingine kuna mstari wa ziada: mtoto wa fulani, wa mahali fulani. Mstari huo ndio unaothibitisha kuwa ni wenu. Usipokuwepo, linganisha tarehe na kumbukumbu za nyumbani kabla ya kumtangazia mtu yeyote. Nimeona familia mbili zikimlilia askari mmoja.

Kisha tazama kama ni kaburi au ni jina ukutani. Kaburi huandikwa kwa mpangilio wa kiwanja, safu na namba, mfano 9. F. 12. Jina la ukutani huandikwa kwa namba ya bamba au ya uso wa nguzo. Kwenye makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, kuna makaburi zaidi ya 6,000, na hapohapo umesimama Mnara wa Rangoon wenye majina karibu 27,000 ya waliofia Burma bila kaburi linalojulikana. Watu wengi wakiona neno Taukkyan hudhani kuna kaburi. Soma tena. Kama imeandikwa Rangoon Memorial, mwili haukupatikana au haukutambuliwa.

Jambo la kujua ni kwamba askari hakuzikwa lazima alipopigana. Bonde la Kabaw lilikuwa na malaria na homa ya typhus ya msituni, na waliougua au kujeruhiwa walirudishwa nyuma, hospitali hadi hospitali. Ndiyo maana Waafrika Mashariki wamo pia kwenye makaburi ya vita ya Imphal, India, na ya Kandy, Sri Lanka. Aidha, baada ya vita, miili iliyozikwa kandokando ya barabara na msituni ilifukuliwa na kukusanywa kwenye makaburi makubwa. Kwa hiyo aliyerudi akisema "tulimzika chini ya mti mkubwa", na rekodi ikasema yuko mamia ya kilomita kutoka hapo, wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Walioanguka upande wa Uhabeshi watafute Addis Ababa, na wale waliokufa kambini nchini Kenya watafute Nairobi, Nyeri, Nanyuki na Gilgil. Wa Madagaska watafute Diego Suarez. Wasio na kaburi kutoka pande hizo wengi wamo kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Mnara huohuo una majina ya watu wa meli Khedive Ismail. Kama wazee wenu husema "alikufa maji" na alikuwa mpiga mizinga, hapa simama. Meli hiyo iliondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, na tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama ndani ya dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao wa Rejimenti ya 301 ya East African Artillery. Hakuna kaburi la kutafuta, lakini jina lipo, na Mkenya anaweza kulifikia kwa matatu.

Hatua ya tano: tafuta hadithi, si tarehe tu

Hapa ndipo kikosi kinapokufaa kuliko jina. Kila batalioni iliandika shajara ya vita siku kwa siku: walitembea maili ngapi, mvua ilinyesha vipi, nani alishambuliwa wapi. Shajara hizo ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Za Burma zimo kwenye mfululizo wa WO 172, za Mashariki ya Kati na Afrika kwenye WO 169, na za vita vya kwanza kwenye WO 95. Orodha yake inatafutika kwenye mtandao bure. Nakala za kurasa zenyewe mara nyingi ni za kulipia, kwa hiyo agiza mwezi mmoja tu, ule wa kifo chake. Kama una ndugu London mwenye siku moja ya mapumziko, aende mwenyewe na simu yake apige picha. Ni rahisi zaidi.

Nikuonye: usitarajie kuliona jina. Maofisa Wazungu hutajwa kwa majina, askari wetu huhesabiwa. Kwenye siku aliyokufa babu yetu kuna mstari mfupi wenye "1 AOR killed", yaani Mwafrika mmoja asiye ofisa ameuawa. Ukurasa huohuo umetaja nyumbu wa mizigo kwa idadi pia. Niliusoma nikafunga kompyuta kwanza. Lakini mstari uliofuata ulitaja kijito walichokuwa wakikivuka na saa ya asubuhi, na hayo ndiyo niliyompelekea bibi.

Kwa upande wa nyumbani, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa Nairobi, kwenye jengo la iliyokuwa Bank of India, Moi Avenue, au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Usiulize jina la babu yako kaunta, watakuonea huruma bure. Ulizia mafaili ya wilaya na jimbo ya miaka ile, yanayohusu uandikishaji wa askari, mafao na mali za marehemu. Fidia na mishahara ya waliokufa ilipitia kwa mkuu wa wilaya, na humo ndimo majina ya warithi hutokea. Beba kitambulisho, penseli na subira. Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye ofisi moja ya kumbukumbu niliambiwa faili limeazimwa. Mara ya tatu likakutwa kwenye rafu jirani, limewekwa nyuma mbele.

Daftari za ubatizo za misheni ni hazina nyingine. Hutoa tarehe, majina ya wazazi na pengine alama ya msalaba mbele ya jina, pamoja na neno moja la pembeni kuhusu kifo.

Kama alikuwa mpagazi wa vita vya kwanza

Hapa sitakupa matumaini ya uongo. Wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu, na wengi hawakuandikwa popote kwa namna ya kudumu. Ripoti iliyotolewa na CWGC yenyewe Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Zile sanamu za askari na wapagazi za Nairobi na Mombasa, na ile ya Askari Monument pale Dar es Salaam, zilisimamishwa miaka ya 1920 badala ya majina yao.

Kinachowezekana ni kutafuta njia aliyopita. Ukijua wilaya aliyochukuliwa na mwaka, shajara za WO 95 na ripoti za wilaya zinaweza kukuonyesha msafara wa watu wa kwenu uliendea wapi, Taveta, Morogoro au Mahenge. Familia nyingine huishia hapo, na si haba.

Hatua ya mwisho: picha, na kusahihisha jina

Safari ya Myanmar kwa sasa siishauri. Tangu mapinduzi ya 2021 nchi haijatulia. Picha ya kaburi au ya bamba unaweza kuiomba kwa watu wa kujitolea kupitia The War Graves Photographic Project au Find a Grave. Tuma namba ya kiwanja, safu na kaburi, si jina peke yake. Ichapishe kubwa. Bibi yetu aliishika muda mrefu, akauliza huyu wa kulia ni nani, na huyu wa kushoto. Ikabidi nirudi kwenye orodha kuwatafuta: mmoja wa Nyasaland, mwingine wa Uganda, wote wa mwezi uleule. Basi, akasema, hakulala peke yake.

Kama jina limekosewa, waandikie CWGC. Hupokea masahihisho yenye ushahidi: nakala ya cheti cha ubatizo, barua ya zamani, karatasi yenye namba ileile. Eleza kwa kifupi, herufi ipi si sahihi na kwa nini, na utaje namba ya jeshi mwanzoni mwa barua. Omba pia waongeze mstari wa wazazi na kijiji, ukiuandika kamili kama unavyotaka usomeke, kwa tahajia ya leo. Piga picha zote za nyaraka kabla ya kutuma, tuma nakala tu, na karatasi halisi irudishe kwenye mkebe wake.